"Fundi, hii imezeeka, nitafutie nyingine"

Juma hili nimeambiwa maneno hayo mara tatu, na Jumatano ilikuwa haijafika. Mtu anatua kompyuta yake juu ya meza yangu hapa Malindi, na kabla sijaigusa ameshaihukumu. Mashine za ex-UK, zilizokwisha tumika Uingereza, ninaziuza, kwa hivyo ningeweza kunyamaza nikapokea pesa. Lakini inaniuma kuona mtu anatoa karo ya mtoto kununua asichokihitaji, huku ameniachia kitu kizima.

"Kompyuta ikiwa nzito, ndiyo imezeeka."

Hapana. Prosesa, ile sehemu inayopiga hesabu zote, si goti la mtu, haichakai kwa kutumiwa. Hesabu ilizokuwa ikipiga kwa sekunde moja mwaka 2013 ndizo inazopiga leo, mradi haipati joto la kupita kiasi. Kinachokuchelewesha, katika mashine nyingi zinazopita mikononi mwangu, ni diski ya kuzunguka. Mle ndani mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta kila faili. Safari moja ya mkono huo huchukua takriban milisekunde 10. Ni kidogo, lakini Windows ya siku hizi hutaka maelfu ya safari hizo kabla haijatulia. SSD, ile diski ya kisasa, haina kinachozunguka. Kazi hiyo hiyo huimaliza kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi kule Maweni. Kompyuta alikuwa ameifunga kwa leso isiingie vumbi njiani. Ilikuwa ya prosesa ya i5-4570, yenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi, ya GB 4. Niliiwasha nikatazama saa: dakika saba zilipita kabla ya barua moja kufunguka. Taa ya diski pale mbele haikuzima hata mara moja. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikamgeuzia skrini. Diski asilimia 100. Prosesa asilimia 9.

"Mama, huyu ndiye anayetaabika. Huyu mwingine amekaa tu anamngoja."

"Kwa hivyo haijafa?"

"Haijafa, mama. Wala haiumwi sana."

Nikaitia SSD ya GB 240, nikaongeza RAM ikawa GB 8, nikatoa vumbi lililoganda kwenye feni na kubadilisha grisi ya prosesa. Kila kitu chake nilikihamisha kama kilivyokuwa, hata picha ya mjukuu iliyokuwa kwenye skrini. Asubuhi alipokuja kuichukua aliiwasha mwenyewe, akawa anajitengeneza mtandio, na kabla hajamaliza mashine ilikuwa tayari inamngoja. Gharama yote haikufika robo ya ile kompyuta aliyokuwa amekusudia kuinunua.

Basi nakuomba, kabla hujasema imezeeka, bonyeza vitufe hivyo vitatu utazame safu ya diski. Ikiwa imeganda karibu na 100 wakati wewe hufanyi lolote la maana, umeshaujua ugonjwa. Na ukisikia diski inagonga, ta, ta, ta, usiiwashe tena kwa kujaribu. Ilete kama ilivyo tuokoe faili kwanza, mengine baadaye.

"Fomati tu, itakuwa mpya."

Itakuwa nyepesi wiki mbili. Kisha diski ni ile ile, na faili zako zimekwenda.

"Ongeza RAM, RAM ndiyo dawa."

Kutoka GB 4 hadi 8 utaiona tofauti. Kutoka 8 hadi 16 kwa mtu anayeandika barua na kujaza fomu za eCitizen, hataona kitu. Na tafadhali usinunue RAM kwa kukisia. Ziko aina zake: DDR3 haiingii penye DDR4, mkato wake uko mahali pengine, na wapo waliolazimisha wakavunja tundu. Tena, kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza namna gani.

"Hii ni i7, haiwezi kushindwa na i3."

Hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Jina la prosesa, i7, peke yake halikuambii kitu, tazama tarakimu zinazofuata, za mbele ndizo zinazotaja kizazi. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i3-8100 ni kizazi cha nane, ya 2017, na inaishinda ile i7 huku ikila stima kidogo kuliko hiyo. i5-6500 ni cha sita, i5-10400 ni cha kumi. Ukikutana na muuzaji asiyetaka kukuonyesha namba kamili, shika njia yako.

"Windows 10 imefungwa, kwa hivyo kompyuta imekwisha."

Msaada wa kawaida ulimalizika 14 Oktoba 2025, ni kweli. Mashine haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya bure kwa kila mtu, na Microsoft iliwafungulia wanaojiandikisha mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine, na kwa Intel orodha yake rasmi kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Ikiwa yako ni ya kizazi cha sita au cha nne, ukubali kwamba njia hiyo haiko. Njia iliyobaki ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na nimeshawatilia watu ambao kazi yao yote iko ndani ya kivinjari. Lakini ikiwa programu yako ya hesabu inakubali Windows peke yake, hapo kubadilisha mashine ni busara, nami sitakuzuia.

"Haiwaki, mazabodi imeungua."

Sisi tunaishi na bahari. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inaingia mpaka ndani ya kabati, seuze kompyuta yenye feni inayovuta hewa kutwa. Zile njumu za rangi ya dhahabu kwenye RAM zinafanya utando, mashine inapiga kelele za bipu au skrini inabaki nyeusi. Chomoa waya wa stima, toa RAM, sugua njumu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka ibane. Nyingi zinawaka papo hapo. Kuifunika nailoni ikiwa inafanya kazi hakuikingi na chumvi, kunaipika. Ifunike ikishazimwa na kupoa, tena kwa kitambaa.

Na kama saa inarudi nyuma kila ukiwasha, na kila tovuti inadai si salama, hiyo ni betri ndogo ya saa iliyo ndani, CR2032, ya volti 3, ukubwa wa sarafu. Ibadilishe, weka tarehe, endelea na kazi.

Zipo zinazostahili kuachwa. Mazabodi, yaani ubao mkuu, yenye kapasita (vile vikopo vidogo vya umeme) zilizovimba vichwa, au yenye kutu ya kijani iliyotambaa mpaka chini ya prosesa, mimi sitii pesa ya mtu hapo. Inayotumia DDR2 pia siigusi. Na vipuri vikifika nusu ya bei ya mashine nzuri ya kizazi cha nane, nasimama. Bwana mmoja aliniletea yake kutoka nyumba ya ufukweni, nikafungua nikakuta kijani kila upande, skrubu zimelika hadi bisibisi haishiki. Huyo nilimwambia anunue nyingine. Diski yake ilikuwa bado nzima, nikamtolea picha za harusi ya binti yake zote, nikamtilia kwenye ile mpya kabla hajaondoka.