Yai bichi na sauti ya mwimbaji wa injili

Katika kwaya za Tanga, kijana anayeanza kuimba nyimbo za injili mara nyingi huambiwa anywe yai bichi ili sauti ilainike. Imani hii ni ya siku nyingi, na inaeleweka: koo huhisi utelezi.

Ila yai halifiki kwenye nyuzi za sauti. Hizo zimo ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni kwenye njia ya hewa, na tunapomeza njia hiyo hujifunga ili tusipaliwe. Jaribu kuvumisha sauti huku ukimeza mate: hukatika papo hapo. Tena yai bichi laweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kuharisha siku ya kurekodi ni hasara kubwa.

Kinachosaidia ni maji, nayo huzifikia nyuzi hizo kupitia damu, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, hasa kwa joto hili la pwani. Kisha fumba mdomo uvumishe kwa dakika 10, ukianzia nota za katikati. Wengi hukimbilia za juu, na hapo ndipo sauti hukwaruza. Ikikwaruza, nyamaza kabisa. Hata kunong'ona huweza kuichosha. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.