Mtoto njiti akifikisha mwaka na nusu: tunachopima kliniki ya makuzi, na kwa nini

Kabla sijamgusa mtoto naomba kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa kutoka wodi ya watoto wachanga, kwa sababu kazi huanza na hesabu. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia, ana umri wa aina mbili. Upo ule wa tangu siku aliyozaliwa, na upo umri uliorekebishwa, unaohesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Kukaa, kutembea, kushika na kusema hupimwa kwa huu wa pili mpaka atimize miaka miwili.

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Februari 2023, mimba ikiwa na wiki 30 kamili. Wiki 40 zingetimia tarehe 21 Aprili. Akiletwa tarehe 10 Agosti 2024, nyumbani wanasema ana mwaka na nusu, na hawakosei. Mimi nampima kama mtoto wa miezi 15 na siku 20. Kama bado hatembei peke yake, jibu linategemea hesabu hiyo: katika viwango vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya njema huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Kwa miezi 18 ningeshtuka. Kwa miezi 15 na siku 20 naangalia kwanza anasimamaje.

Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni mimba kuandikwa kwa miezi. "Alizaliwa wa miezi saba" inaweza kuwa wiki 28, inaweza kuwa wiki 32, na tofauti hiyo ya mwezi mzima inatosha kutia wasiwasi juu ya mtoto asiye na shida au kumficha mwenye shida. Kama mama alipigwa ultrasound katika miezi mitatu ya mwanzo, tarehe ya kujifungua iliyotoka hapo ndiyo ya kuaminika zaidi. Kama hakupigwa, tunarudi kwenye siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho.

Chanjo hazirekebishwi. Hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto huyuhuyu ninayempima kama wa miezi 15 anatakiwa leo apate dozi ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18. Wapo wanaoichelewesha kwa kudhani mwili bado mdogo, kumbe njiti ndiye anayeihitaji zaidi kwa wakati.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi na kila muuguzi wa kliniki alishike: kurekebisha umri kunaeleza kuchelewa tu. Hakuelezi ukakamavu, yaani misuli kukaza, na hakuelezi upande mmoja wa mwili kubaki nyuma. Ukimwona mtoto ana dalili hizo, usimwambie mama asubiri eti kwa kuwa mtoto ni njiti.

Nikianza na mikono, mtoto anakaa mapajani mwa mama na mimi nashika kitofali cha mbao cha sentimita 2.5 katikati kabisa ya kifua chake. Simwekei kulia wala kushoto. Anachukua kwa mkono upi? Nampa cha pili kabla hajaachia cha kwanza: je, mkono wa pili unakuja, na vidole vinafunguka vyote, au kidole gumba kinabaki kimefichwa kwenye kiganja? Familia nyingi hufurahi mtoto wa miezi tisa akitumia kulia tu, wakisema ameshajua mkono wa kulia. Kabla ya mwaka mmoja uliorekebishwa mtoto hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea waziwazi. Akiupendelea, swali langu ni kwa nini mwingine haufanyi kazi. Kwa kushika vidogo natumia punje ya wali au kipande kidogo cha ugali, maana kitaenda mdomoni tu; kufikia mwaka mmoja anatakiwa akiokote kwa ncha za gumba na kidole cha shahada.

Kisha miguu, na hapa sina haraka. Nyuzi za neva zinazoelekea miguuni hupita karibu kabisa na vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo, na eneo hilo ndilo linaloumia kirahisi kwa mtoto aliyezaliwa mapema mno. Ndiyo maana mtindio wa ubongo kwa njiti mara nyingi hukaza miguu kuliko mikono. Mtoto analazwa chali, goti limenyooka, nashika kisigino na kuukunja unyayo kuelekea usoni kwake, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Polepole nataka kujua kifundo kinafika wapi. Kwa kasi nataka kuhisi kama kuna mahali kinakwama ghafla halafu kinaachia, kwa sababu kukwama huko kunatoka kwenye ubongo. Anayelia au aliyekasirika hukaza mwili mzima, kwa hiyo kipimo cha mtoto anayelia sikiandiki. Anyonye kwanza, atulie, turudie. Suruali na nepi nene zivuliwe, la sivyo mapaja hayafunguki vizuri na utaandika ugumu ambao haupo.

Vipimo hivi vya mwili vimekusanywa katika uchunguzi wa Hammersmith, wenye vipengele 26 na jumla ya alama 78, kwa watoto wa miezi 2 hadi 24. Kati ya miezi 9 na 12, alama chini ya 73 zinanifanya nimfuatilie kwa karibu. Kwa michezo, mikono na mwendo, tuna bahati ya kuwa na vipimo vilivyotengenezwa huku kwetu: kile cha Kilifi, pwani ya Kenya, cha miezi 6 hadi 35, na kile cha Malawi, kinachofika hadi miaka 6. Navipenda kwa sababu havimhukumu mtoto kwa vitu asivyowahi kuviona.

Kwenye lugha, hesabuni maneno ya lugha zote za nyumbani. "Nyau" ni neno kama kila paka anaitwa hivyo. Kisukuma cha bibi kinaingia. Kabla ya neno, natafuta kidole: je, anakuonyesha kitu ili mkitazame pamoja? Kufikia miaka miwili, tarajia maneno 50 hivi na kuunganisha mawili, kama "mama njoo".

Akichelewa kusema, masikio kwanza. Umanjano mkali wa uchangani, homa ya uti wa mgongo na jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, vyote vinaweza kuharibu usikivu. "Anasikia, mlango ukigongwa anashtuka" haitoshi, kwani jentamaisini huanza kuharibu sauti za juu, zile za s na f, na mlango ni sauti ya chini. Apelekwe kupimwa kwa mashine. Macho vilevile: hata kama retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikaguliwa wodini ikaonekana salama, makengeza na kutoona mbali huwapata njiti zaidi.

Mzingo wa kichwa upimwe kwa utepe usiovutika, juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya nyuma iliyochomoza zaidi, na uchorwe kwa umri uliorekebishwa.

Nikikuta mguu uliokaza au mkono uliosahaulika, mazoezi tiba yanaanza wiki hiyohiyo, bila kusubiri jina la ugonjwa wala picha ya ubongo. Kuchua kwa mafuta hakudhuru kukifanywa taratibu, ila hakuondoi ukakamavu. Woka, kile kigari cha kujifunzia kutembea, kiondoeni: kinamzoesha kusukuma kwa vidole vya miguu, kitu kilekile tunachopigana nacho, na huwapindua watoto ngazini. Badala yake asimame akishika stuli nzito, unyayo mzima chini, na vitu vya kuchezea viwekwe pembeni ili ahame kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Asiye na dalili yoyote arudi akifikisha miezi 24 iliyorekebishwa, kisha tena kabla ya kuanza shule, kwani utulivu, kumbukumbu na kushika penseli havipimiki katika umri huu.