4,294,967,297: namba iliyomponyoka Fermat

Chukua 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, upate 4,294,967,297. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa alikuwa akiamini kuwa namba zote za umbo hili (2 kwa kipeo kinachoongezeka maradufu, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kisha ongeza 1) ni tasa, na hii ikiwamo. Alikosea. Hizi hapa dhana tano potofu ambazo namba hii inazivunja.

Dhana: kanuni ikifaulu mara tano mfululizo, itafaulu daima.

Si kwamba Fermat alikisia tu hewani. Kipeo kikiwa 1, 2, 4, 8 au 16, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 mwanahisabati wa Uswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Tangu hapo hakuna nyingine ya umbo hilo iliyogunduliwa kuwa tasa.

Dhana: kuichunguza lazima uigawanye kwa kila namba hadi bilioni 4.

Ukifika kwenye kipeuo chake cha pili, karibu 65,536, unaweza kuacha, kwa sababu kila kigawo kilicho juu ya hapo kina mwenzake chini. Hata hivyo chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, kazi ya kuchosha kwa kalamu. Lakini Euler alithibitisha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1. Basi unaanza na 193, kisha 257, 449, 577, halafu 641, na hapo imekwisha. Cha kuchekesha ni kwamba uthibitisho huo unasimama juu ya kanuni nyingine ya Fermat mwenyewe, iliyo sahihi.

Dhana: namba kubwa ina vigawo vingi. Hii ina vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Namba 12 ina sita.

Dhana: kompyuta yoyote huihifadhi bila shida. Nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1) huishia 4,294,967,295. Ukiilazimisha humo, ziada hukatwa na kinachobaki ni 1.

Dhana: huwezi kusema namba si tasa bila kutaja vigawo vyake.

Hapa ndipo penye utamu. Namba tasa ambayo ikigawanywa kwa 4 hubakiza 1 huweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu. Yetu hubakiza 1, lakini ina njia mbili:

65,536² + 1²
62,264² + 20,449²

Kwa hiyo si tasa, wala 641 hatujaigusa. Hali hii ipo hata kwa majitu zaidi: 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ukiongeza 1, ina tarakimu 315,653. Imethibitishwa kuwa si tasa, ila ukiacha 1 na yenyewe, hakuna aliyewahi kupata hata kigawo chake kimoja.