Sifuri na D mbili: hesabu inayomsukuma mkuu wa shule

Matokeo ya kidato cha nne Tanzania yakitoka tu, wimbo ni uleule: wakuu wa shule hawana motisha, waongezewe posho. Wa upande wa pili wanajibu kwamba hawana woga, washushwe vyeo. Nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuandika, japo najua mwakani utaimbwa tena.

Posho kwanza, tuimalize. Mkuu wa sekondari ya serikali hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi 200,000. Anaipata awe na sifuri 60, yaani wanafunzi 60 waliopata daraja la sifuri, au asiwe na hata moja. Posho ya namna hiyo inamfanya mtu akubali cheo na kero zake. Haimwambii aanze na mtoto yupi.

Woga unamwambia, tena kwa usahihi wa kutisha. Na hapa ndipo watu wanaponiudhi, kwa sababu hawakai chini wakapiga hesabu.

Haya, tupige. D inaanzia alama 30. 29 kushuka ni F. Yanahesabiwa masomo saba bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. D mbili na F tano ni pointi 33, yaani daraja la nne. D moja na F sita ni 34, sifuri. Mkuu anayejua ataitwa kwa Afisa Elimu kueleza sifuri zake anaimudu hesabu hii kuliko mwalimu wake wa Hisabati. Mtazame matokeo ya moko yakiwa mezani, mwalimu wa taaluma kando yake, kalamu nyekundu mkononi. Mwanafunzi mwenye Kiswahili 34, Jiografia 26, Hisabati 4 na mengine ovyo anazungushiwa duara: Jiografia inadai alama nne tu. Anayefuata ana Kiswahili 17, na kwingine kote hajafika 10. Kalamu inampita.

Wa kwanza anaingizwa kambi na kukaririshwa maswali ya mitihani iliyopita. Novemba anapata D yake ya pili. Sifuri imefutika, mkuu anapongezwa kikaoni, na Hisabati ya yule kijana bado ni 4. Wa pili hakuna aliyemgusa, maana hata akipanda kutoka 17 hadi 28, jambo ambalo kwa mwalimu ni kazi kubwa kuliko ile ya kambini, kwenye taarifa ya shule ataandikwa F vilevile. Kwa hiyo mkuu huyu motisha anayo, na haijapungua hata kidogo. Inamtuma mpakani, kwa walio karibu kuvuka.

Kuna njia fupi zaidi: asiyefaulu asifanye mtihani kabisa. Mwaka 2013 serikali ilipoanzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa nafasi. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa shule za mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Ulionyesha pia kuwa shule zilipunguza watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Kwenye baadhi ya shule binafsi jambo hilo lina jina la heshima, «wastani wa shule»: hujaufikia, unarudia darasa au unatafutiwa uhamisho. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na nilifurahi. Lakini matokeo ya kila shule yapo wazi, na kupanga orodha kwenye kompyuta ni kazi ya dakika kumi.

Mtu ataniuliza: pesa ikifungwa kwenye matokeo je? Mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, mwaka 2013 na 2014, ulijaribu katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Mwalimu alilipwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo, mwalimu mkuu 1,000. Shule zilizopewa ruzuku ya vitabu na mahitaji mengine peke yake hazikupandisha ujifunzaji. Zilizopewa ruzuku pamoja na malipo hayo ya walimu ndizo zilizosogea vizuri. Mimi nalisoma hivi: hamu bila vitabu haifiki mbali, na vitabu bila hamu hubaki stoo.

Sasa kinachomsogeza mkuu kuelekea kwa yule wa 17. Kwa ninavyoona, ni kuuona mwendo wa mtoto mwenyewe kwa macho yake, na mwendo huo kuhesabiwa na walio juu yake. Basi badili jedwali. Wiki ya pili ya Januari pima vitu vya chini kabisa: anasoma aya na kuielewa? Anatoa kwa kukopa? Kwa kidato cha kwanza ongeza Kiingereza, kwa sababu mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana ghafla na Biolojia asiyoelewa hata swali lake, na nusu ya «uzito wa kichwa» tunaomsingizia ni hapo. Andika majina kwenye safu nne, kwa viwango vyao, ofisini kwa mkuu, pima tena kila baada ya wiki nane, hamisha majina. Taarifa kwa bodi ianze na idadi ya waliohama safu, wastani ufuate. Na mkuu mwenyewe ashike kundi moja la watoto 15 hadi 20, vipindi viwili kwa wiki. Hili la mwisho wengi hulikwepa kwa kisingizio cha vikao, nami nisingelilegeza.

Mpango huu huharibika hivi. Vipindi vinawekwa saa kumi jioni, na wanaotembea kilomita saba ndio haohao walio nyuma, wanaondoka. Kundi anapewa mwalimu wa kujitolea aliyefika juzi. Au linabatizwa «mkondo D», na baada ya wiki mbili mahudhurio yanakatika. Orodha ikibandikwa ubaoni nje badala ya ofisini, usiifanye kabisa.

Shaka ninayo. Wakuu wanaokubali kubandika yale majina huenda ni wale waliokuwa na moyo huo tangu mwanzo, na jedwali limewakuta njiani tu. Sijaona namna nzuri ya kuwatenganisha. Tena jedwali nalo huchakachuliwa: mpime mtoto kwa ukali Januari na kwa upole Machi, atahama safu bila kujifunza kitu. Ndiyo maana upimaji wa pili ufanywe na mwalimu wa shule jirani. Mratibu wa kata anaweza kulipanga hilo kwa simu moja, na nauli ya bodaboda itoke kwenye fungu la taaluma.