Kaligrafia kwa anayeanza: shika herufi a kwanza

Wanafunzi wangu wengi huja na hamu ya kuandika jina lao kwa madoido siku hiyohiyo. Hamu hiyo naipenda, ila nawaomba tuanze na penseli, rula na herufi a.

Kanuni ni moja: mkono ukishuka, kandamiza, ukipanda, legeza. Sasa iangalie a. Anzia juu kulia, penye namba 2 kwenye uso wa saa, uzungukie kushoto. Juu mkono uwe mwepesi, ubavuni kandamiza, na kabla hujafika chini uwe umeshaanza kulegeza. Panda taratibu mpaka ulipoanzia, umbo la yai lifunge. Hapo inua kalamu. Ndiyo, inua! Watu hudhani neno zima huandikwa bila kunyanyua mkono, kumbe sisi tunainua karibu kila mstari. Kisha shuka na mstari mnene ubavuni mwa yai, umalizie kwa mkia mwembamba unaopanda kulia.

Nang'ang'ania a kwa sababu Kiswahili kimejaa a. Karatasi nyingi za mazoezi zinazogawiwa bure mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Zitakuchosha na q na x, herufi ambazo kadi ya harusi ya Kiswahili haina kazi nazo. Andika mama, dada, maua, karibuni. Yai la a ndilo lililomo kwenye d na g, na mstari wake wa mwisho ukiurudia mara mbili umepata u.

Mshazari nao uwe mmoja. Mtindo wa Copperplate, uliostawi Uingereza karne ya 18, hulala kwa digrii 55 kutoka mstari wa chini. Chora kwa penseli mistari ya mlalo huo ikuongoze. Herufi za kurukaruka za siku hizi, zisizokaa zote kwenye mstari mmoja, zinapendeza, lakini mimi sizifundishi kabla mkono haujatulia.

Baada ya penseli, chukua kalamu ya brashi yenye ncha ngumu kidogo, kama Tombow Fudenosuke. Ilaze, usiisimamishe wima. Karatasi ya fotokopi huichakaza ncha upesi, kwa hiyo tafuta iliyo laini zaidi.

Nibu ya chuma, yaani ncha ya kalamu ya kuchovya kwenye wino, ije baadaye. Ikiwa mpya huwa na mafuta ya kuzuia kutu, na wino hauishiki vizuri. Ioshe kwa sabuni ya vyombo. Ukimaliza kuandika, ioshe tena na uikaushe kabisa, hasa ukiwa Tanga au Mombasa, maana kwa unyevu wa pwani kutu haichelewi.