Mchoro ulioona mtandaoni huenda haupo: dhana potofu kuhusu sanaa ya mtaani

Karibu kila anayetaka kuona michoro ya ukutani Nairobi huja na picha kwenye simu na swali lile lile: "Hii iko wapi?" Angeanza kwa kuuliza kama bado ipo. Dhana inayokula nauli na siku nzima za watu ni hii ya kuamini mchoro haufutiki, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

"Ni ukuta, utaenda wapi?"

Ukuta hauendi popote, ila una mwenyewe. Kampuni ya simu ikimletea mwenye duka rangi ya bure ili jengo lake lote livae rangi za kampuni, mchoro unafunikwa asubuhi moja. Kampeni zikianza, mabango yanabandikwa juu yake. Makala za zamani bado zinawaelekeza wasomaji kwenye kuta za GoDown kule Dunga Road, kituo cha sanaa kilichoanza mwaka 2003, ilhali kituo kilihama kupisha ujenzi mpya.

Kuna pia kazi ambazo tangu mwanzo hazikukusudiwa kukaa. JR, msanii wa Ufaransa, alipofanya kazi Kibera mwaka 2009, alibandika macho ya wanawake ubavuni mwa treni, na nusu za chini za nyuso zao akaziweka kwenye mabati mtelemkoni chini ya reli. Uso ulikamilika kwa sekunde chache tu, treni ilipokuwa ikipita. Huwezi kwenda kuuona leo kwa sababu hata wakati ule ulibidi usubiri treni.

Hata pale ambapo hakuna mtu aliyegusa ukuta, rangi yenyewe inazeeka. Nyekundu, chungwa na njano za kopo la kupuliza ndizo zinazopauka kwanza. Buluu, kijani na nyeusi huvumilia jua zaidi. Ndiyo maana uso uliochorwa kwa rangi za joto unakuja kuonekana wa buluu na mgonjwa baada ya miaka michache; anayesema msanii alikosea rangi hajui anachokitazama. Huku kwetu karibu na ikweta, kuta zinazotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua mwaka mzima, kwa hiyo huchakaa mapema kuliko zinazotazama kaskazini au kusini, ambazo hupumzika sehemu ya mwaka.

Tazama na chini ya ukuta. Unga mweupe kwenye mita moja ya kwanza kutoka ardhini ni chumvi: unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, maji yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Mombasa na miji mingine ya pwani hali hii ni mbaya zaidi. Rangi ikibanduka vipande vipana juu kabisa, mbali na unyevu wa ardhini, mara nyingi plasta ilipakwa ikiwa bado mbichi. Plasta ya saruji inahitaji kama wiki nne ikauke kabla ya praima, yaani rangi ya msingi. Mteja mwenye haraka ya ufunguzi hataki kusikia hivyo, na mchoro ndio unaolipa.

Kwa hiyo kabla hujapanda matatu, fanya hivi. Angalia tarehe ya picha yenyewe, wala si ya chapisho. Kurasa nyingi hurudia picha za miaka mingi bila kusema. Fungua picha za barabarani kwenye Google Maps, usome mwezi na mwaka ulioandikwa pembeni, kisha ulinganishe na picha za miaka iliyotangulia. Nenda kwenye ukurasa wa msanii, ufungue picha ambazo wengine wamemtaja, uanze na mpya. Bado una shaka? Vuta karibu kibao cha duka lililo kwenye picha. Maduka yetu huandika namba ya simu ukutani. Piga, salimia vizuri, uliza kama mchoro upo. Dakika mbili.

Na tafadhali, fuata wachoraji, achana na hashitagi. Hashitagi inakuletea kilichopendwa zamani. Mchoraji anaonyesha ukuta anaoupaka wiki hii. Nairobi anza na Bankslave, Swift9 na WiseTwo, ambaye vinyago anavyovichora utavitambua hata bila sahihi. Dar es Salaam anzia Nafasi Art Space, kituo cha sanaa cha Mikocheni kilichopo tangu 2008, ukiulizia na kazi za kundi la wachoraji la Wachata Crew. Ukifika ukutani soma pembe za chini: jina, mwaka wenye tarakimu mbili, na herufi za kundi. Majina utakayoyasoma hapo ndiyo yatakayokupeleka kwenye kuta zinazofuata.

"Grafiti ni uhuni wa usiku"

Ukuta wa mita nne kwa kumi unahitaji ngazi au jukwaa, siku kadhaa, na mwenye nyumba aliyekubali. Hakuna anayeupaka kwa kujificha. Na hata maandishi ya haraka yana sababu zake: katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, yaani Solo7, alizunguka Kibera akiandika ukutani maneno ya kuomba amani.

"Halisi ni ya kopo tu"

Piga hesabu. Kopo la mililita 400 linafunika vizuri kama mita mraba moja na nusu hadi mbili. Ukuta ule wa mita mraba 40 ungekula makopo 20 na zaidi kabla hujachora hata jicho. Rangi ya maji, mikono miwili, ni lita nane hivi. Ndiyo maana mandharinyuma hupakwa kwa rola, na kopo likabaki kwa vivuli na mistari: sentimita mbili hadi tano kutoka ukutani kwa mstari mkali, 20 na kuendelea kwa ukungu laini. Anayeona rola na kusema "huyo ni fundi rangi" hajawahi kununua makopo.

"Matatu ni mapambo, siyo sanaa ya mtaani"

Kwa maoni yangu ndiyo kuta bora za Nairobi, na zinakuja zenyewe. Kanuni za 2004 ziliyalazimisha matatu kuvaa mstari wa njano, zikasisitizwa tena Novemba 2018, na michoro ikafutwa kisha ikarudi. Simama jioni matatu za kwenda Rongai, mji wa pembezoni mwa Nairobi, zinapojaza abiria. Chunguza kwa karibu: stika iliyochapishwa ina kingo kali na huinuka kwenye maungio ya bodi, kazi ya mkono, ya bunduki ya rangi na kompresa, ina vivuli vinavyoyeyuka bila ukingo.

"Iko hadharani, naitumia nitakavyo"

Picha ya kumbukumbu, piga. Tangazo la biashara au fulana za kuuza, mtafute msanii kwanza, mkubaliane na malipo. Ukichapisha popote, andika jina lake, mtaa na tarehe uliyopiga. Wakazi wakiwa kwenye fremu, waombe. Na piga asubuhi au alasiri ukuta ukiwa kivulini; jua la saa sita linateremka sambamba na ukuta na kila nundu ya plasta inatoa kivuli chake usoni mwa mchoro.