Tiki ya kijani ya Mastodon: namna ya kuthibitisha kuwa kiungo ni chako

Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea, haina ofisi ya kukagua vitambulisho. Yeyote anaweza kufungua akaunti kwa jina na picha za duka lako la leso la Biashara Street, kwenye seva yoyote. Kinga iliyopo, tangu toleo la 2.6 la mwaka 2018, ni ukaguzi wa viungo: wasifu unaelekeza kwenye tovuti, tovuti nayo inaelekeza kwenye wasifu, na seva ikiona zinakubaliana inaweka tiki ya kijani.

Tiki hiyo haisemi wewe ni nani. Inasema tu kwamba mwenye wasifu huu anaweza pia kuandika kwenye ukurasa ule. Ndiyo maana nasisitiza ukurasa uwe kwenye domeni yako mwenyewe, hata ikiwa ni .me.ke tu, ambayo KeNIC, shirika linalosimamia domeni za .ke, imeitenga kwa tovuti za watu binafsi.

Anza na tovuti. Weka mstari huu kwenye msimbo (HTML) wa ukurasa, ukibadilisha anwani:

<a rel="me" href="https://seva.example/@jina">Mastodon</a>

Usipotaka uonekane, weka <link rel="me" href="https://seva.example/@jina"> ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya msimbo ambayo haionyeshwi kwenye ukurasa. Kisha nenda Mastodon, sehemu ya kuhariri wasifu, uandike anwani ya tovuti kwenye mojawapo ya nafasi za ziada (kwa kawaida ziko nne). Iwe anwani kamili, ianze na https://, bila neno jingine pembeni. Hifadhi. Seva hukagua unapohifadhi, kwa hiyo ukiwa ulianza na Mastodon kabla ya tovuti, rudi uhifadhi tena.

Tiki ikikataa kutokea, mara nyingi kosa liko kwenye mstari wenyewe. Ukiunakili kutoka Word, alama za nukuu hujipinda na seva haioni tena neno me. WordPress nayo huongeza noopener kiungo kinapofunguka kwenye dirisha jipya; hapo andika rel="me noopener", yote ndani ya rel moja, kwa sababu rel ya pili kwenye tagi ileile hupuuzwa. Wengine hunakili anwani ya wasifu wakiwa kwenye seva nyingine, wakapata @jina@seva badala ya ile ya nyumbani.

Mstari ukiwa sawa, tazama ukurasa. Seva haiendeshi JavaScript: kiungo kinachochorwa na programu baada ya ukurasa kufunguka hakipo machoni pake. Kinga dhidi ya roboti ikijibu 403 (yaani hairuhusu kuingia), ukaguzi umeishia hapo. Ukurasa ukizidi megabaiti 1, husomwa kipande cha mwanzo tu. Hapo ile link ya kwenye head ndiyo salama.

Kila seva hukagua kivyake, hivyo tiki yaweza kuonekana kwako na isionekane kwa rafiki yako. Ikishatokea, haikaguliwi upya mradi hujabadilisha kiungo. Kwa hiyo unapokagua wasifu wa mtu mwingine, weka kishale juu ya tiki usome tarehe: domeni huisha muda na kununuliwa na wengine.

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, hutumia njia nyingine. Domeni yenyewe huwa jina lako, kupitia rekodi ya TXT (mstari wa maandishi kwenye mipangilio ya DNS ya domeni) iitwayo _atproto yenye thamani did=did:plc:… uliyopewa kwenye mipangilio ya Bluesky. Kwenye paneli nyingi za domeni andika _atproto peke yake. Ukimalizia na domeni nzima, paneli huiongeza tena, na rekodi ikakaa mahali ambapo Bluesky haitaitafuta.